Mijadala ya redio Karagwe na Kyerwa: Tusikilize kwa adabu, tuseme kwa haki

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyemfundisha mwanadamu kubainisha. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba wake, na wote wanaofuata mwendo wao mpaka siku ya malipo.

Ndugu zetu Waislamu, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, redio imekuwa baraza la watu wote. Tangu mwaka 1995 wakazi wa maeneo hayo wamekuwa wakiisikia Redio Kwizera inayorusha matangazo yake kutoka Ngara, na mwaka 2007 ikaanza redio ya jamii ya FADECO pale Kayanga, makao makuu ya wilaya ya Karagwe. Mkulima yupo kibanjani anapalilia migomba, mama yupo jikoni, kijana wa bodaboda anasubiri abiria Omurushaka au Nkwenda, na wote wanasikia mjadala mmoja na wanaweza kupiga simu wakasema. Mwaka 2012 Kyerwa ilipotengwa na Karagwe ikawa wilaya inayojitegemea, watu waligawanywa kiutawala, lakini mambo yanayowagusa hayakugawanyika: kahawa ni ile ile, migomba ni ile ile, na mto Kagera na mpaka wa Uganda na Rwanda ni ule ule.

Leo tumekusudia kuzitazama mada ambazo familia ya Kiislamu huko inaweza kukutana nazo katika wiki moja ya mijadala hiyo, na kuuliza dini yetu inasema nini juu ya kila moja. Mpangilio wa siku ni wetu sisi. Mada zenyewe hatukuzibuni, bali ni mambo ambayo watu wa wilaya hizo wanaishi nayo. Na tunafanya hivyo kwa sababu Waislamu wengi bado wanadhani kwamba dini inazungumzwa Ijumaa msikitini, na kwamba kahawa, ardhi na maradhi ni mambo ya serikali peke yake.

Neno la haki si geni Karagwe

Kabla hatujaingia katika mada, tukumbushane historia. Watu wa Karagwe wamezoea baraza. Wasafiri Speke na Grant walipofika mwishoni mwa mwaka 1861 walimkuta Omukama Rumanyika akiwa na utawala wenye heshima, anayeketi na wageni na kuwauliza habari za dunia. Na kabla ya Wazungu hao, wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani walikwisha kufika na kufanya makazi Kafuro, si mbali na ikulu ya Omukama.

Mmoja wao alikuwa Ahmed bin Ibrahim. Imepokelewa katika historia ya Uislamu wa Uganda kwamba mwaka 1844 alifika katika baraza la Kabaka Suna wa Pili, akaona watu wakiuawa kwa amri ya mfalme. Akasimama, mgeni asiye na jeshi, akamwambia Kabaka kwamba watu hao wameumbwa na Mungu, aliyemuumba yeye Kabaka na kumpa ufalme, na kwamba ni dhambi kubwa kuwaua pasipo haki. Kabaka hakumdhuru, bali alitaka kujua zaidi habari za Mungu huyo, na huo ukahesabiwa kuwa mwanzo wa Uislamu Buganda.

Hilo ni funzo kwetu. Muislamu wa mwanzo kutajwa katika nchi hizo hakujulikana kwa kusifu wakubwa wala kwa kunyamaza. Alijulikana kwa kusema jambo la maslahi ya watu, mbele ya watu, kwa adabu na kwa hoja.

Siku ya kahawa: tatizo la butura

Tuanze na mada nzito kuliko zote, nayo ni kahawa. Katika wilaya hizo kahawa ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mahari, na kwa wenye nia, ndiyo nauli ya Hijja. Na kila kahawa inapojadiliwa haikosi kutajwa butura.

Kwa asiyejua, butura ni kuuza kahawa ikingali mtini. Katika miezi ya ukata, mibuni ikiwa bado ina maua au buni changa za kijani, mkulima anabanwa na shida: mtoto karudishwa kutoka shuleni, au mgonjwa yupo hospitali. Anakuja mwenye fedha, anatazama mibuni, anakisia, anatoa fedha kidogo. Mavuno yakiwadia, huyo mnunuzi ndiye mwenye haki ya kuchuma au kupokea magunia, na mwenye shamba anabaki kutazama jasho lake likipakiwa kwenye gari la mwingine. Serikali imeupiga marufuku mtindo huu mara kwa mara, na mwaka 2018 iliagiza kahawa ya mkulima ikusanywe kupitia vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo kwa Karagwe na Kyerwa viko chini ya chama kikuu cha KDCU kilichoundwa mwaka 1990. Hata hivyo, butura haijafa, kwa sababu shida inayoizaa haijafa.

Ndugu Waislamu, jambo hili halikuanza Karagwe. Lilikuwepo Madina. Imepokelewa kutoka kwa Ibn Umar (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda mpaka udhahiri wa kukomaa kwake uonekane, na katazo hilo likawagusa wote wawili, muuzaji na mnunuzi. Katika riwaya ya Anas (R.A.) sababu ikawekwa wazi: ikiwa Mwenyezi Mungu atayazuia matunda hayo yasifike, je, mtu atahalalisha vipi mali ya ndugu yake aliyoichukua?

Tuitafakari sababu hiyo. Mibuni yenye maua mazuri inaweza kupigwa na mvua ya mawe, ikakaushwa na jua au ikaingiwa na maradhi. Hapo mnunuzi amepoteza fedha yake kwa kitu ambacho hakikuwepo. Na inaweza pia kuzaa kuliko ilivyokisiwa, na bei ikapanda. Hapo mkulima ndiye aliyepoteza. Katika hali zote mbili mmoja anakula kisichokuwa haki yake, na mapatano yamekuwa kama kamari. Wanazuoni wanaliita jambo hili gharari, yaani biashara iliyojengwa juu ya kitu kisichojulikana.

Yapo pia mengine yanayofichwa chini ya jina la butura. Kuna anayesema, "Mimi sinunui kahawa, mimi nakopesha tu," kisha akadai alipwe magunia ambayo thamani yake, wote wawili wanajua, ni mara mbili ya fedha aliyoitoa. Mkopo unaoshurutisha nyongeza kwa mkopeshaji ni riba, hata ukilipwa kwa kahawa badala ya shilingi. Jina halibadilishi hukumu.

Nini badala yake?

Dini yetu haikataza jambo ikawaacha watu gizani. Imepokelewa na Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla ya mwaka mmoja au miwili. Akawaelekeza kwamba mwenye kutanguliza fedha na atangulize kwa kipimo kinachojulikana, na uzito unaojulikana, mpaka muda unaojulikana. Hii ndiyo biashara ya salam.

Tofauti yake na butura ni kubwa. Katika salam hauuzi mibuni ya shamba fulani. Unaahidi, tuseme, kilo mia mbili za kahawa ya maganda iliyokaushwa vizuri, ya daraja linalofahamika, itakayotolewa tarehe fulani mahali fulani, na fedha yote inalipwa pale pale kwenye mapatano. Mibuni yako ikizaa zaidi, ziada ni yako. Ikikosa kuzaa, deni la kilo mia mbili linabaki, na utalitimiza kwa kahawa nyingine, au mnunuzi akusubiri, au arudishiwe fedha yake ile ile bila nyongeza. Jambo liandikwe na mashahidi wawepo, kama Allah (S.W.) alivyotuelekeza kuhusu madeni katika aya ya 282 ya Suratul Baqara. Na kwa kuwa utaratibu wa serikali unataka kahawa ipitie chama cha msingi, mwenye kukusudia salam aulize kwanza chamani namna ya kuifanya bila kuvunja sheria za nchi.

Lakini bora kuliko salam ni kumkopesha mwenye shida mkopo mwema usio na faida. Kila msikiti wenye watu thelathini wanaovuna kahawa unaweza kuanzisha mfuko wakati wa mavuno, kila mmoja akaweka kidogo, ili katika miezi ya ukata mwenye mgonjwa akope, na alipe kilo zake zikiuzwa. Tunawauliza maimamu na wazee wa misikiti: ikiwa tunaweza kuchangishana kwa ajili ya paa la msikiti, tunashindwaje kuchangishana kwa ajili ya paa la muumini lisiuzwe?

Na upande wa pili wa mada hii ni mizani. Sura nzima ya Qur'ani, Al-Mutaffifiin, inaanza kwa onyo kali juu ya wanaopunja vipimo. Karani wa mizani na mkulima anayeloweka kahawa au kuchanganya mawe ili izidi uzito, wote wasikie. Kupunja hakugeuki kuwa halali kwa sababu upande wa pili nao unapunja.

Siku ya migomba: usimdhuru jirani

Mada nyingine isiyochakaa ni mnyauko wa migomba, ambao wakulima wa Kagera wanauita unyanjano. Ugonjwa huu wa bakteria uliingia mkoani humo katikati ya miaka ya 2000, nao hauna dawa ya kuuponya mgomba. Unaambukizwa kwa wadudu wanaotembelea ua dume, kwa miche kutoka shamba lenye ugonjwa, na kwa panga linalotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Kinga yake ni kukata ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, kusafisha panga kwa moto au kwa dawa ya kuua vijidudu, na kung'oa migomba iliyougua.

Hapa watu hubishana: kwa nini ning'oe mgomba wangu, je, si mali yangu? Jibu limo katika kanuni mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) kwamba hakuna kudhuru wala kulipiza madhara. Mgomba ni wako, lakini ugonjwa si wako peke yako. Anayeuficha ili auze miche, au anayemwazima jirani panga huku akijua limekata mgomba mgonjwa, amemdhulumu jirani chakula cha watoto wake. Na haki ya jirani katika Uislamu ni kubwa, awe Muislamu au asiwe.

Siku ya ardhi: haki ya binti na mjane

Mjadala wa ardhi na mirathi ndio unaowafanya watu wapandishe sauti. Kwa mila za Kagera, kibanja ni cha ukoo. Sheria za kimila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake, lakini si kuiuza. Mwanamke wa mkoa huo, Holaria Pastory, alirithishwa shamba na baba yake kwa wasia, akaliuza mwaka 1988, na ndugu wa kiume, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kupinga. Shauri lilifika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kumbagua mwanamke kwa namna hiyo kunapingana na Katiba ya nchi. Hukumu hiyo inasomwa na wanafunzi wa sheria Tanzania nzima.

Waislamu walipoisikia hawakupaswa kushangaa. Aya ya 7 ya Suratun Nisaa imekwisha kueleza kwamba wanaume wana fungu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa, na wanawake wana fungu, iwe mali ni kidogo au nyingi, nalo ni fungu lililofaradhiwa. Binti akirithi pamoja na kaka yake, wake ni nusu ya fungu la kaka. Mjane ana thumni ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Na kinachorithiwa ni milki kamili. Akitaka kulima, atalima, akitaka kuuza, atauza.

Tatizo ni kwamba wapo kati yetu wanaofuata Qur'ani katika swala na kufuata mila katika kibanja. Mume akifa, ndugu zake wanamwambia mjane, "Rudi kwenu." Wengine wanashika sheria ya Kiislamu pale tu wanapotaka kumpunguzia binti hadi nusu, kisha wanamnyima hata hiyo nusu kwa kisingizio cha ukoo. Huo ni mchezo na hukumu za Allah, na aya za 13 na 14 za sura hiyo hiyo zimeweka ahadi kwa anayefuata mipaka ya mirathi na onyo la moto kwa anayeivunja.

Baba mwenye busara ajiandae angali hai. Kijijini ipo hatimiliki ya kimila inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na jina la mke linaweza kuandikwa pamoja na la mume. Mipaka ijulikane, madeni yaandikwe, na wasia kwa wasio warithi usizidi theluthi. Maneno yanayopaswa kusemwa na baba hai yasiachwe yagombaniwe juu ya kaburi lake.

Siku ya maradhi: habari ichunguzwe kwanza

Mkoa wa Kagera umepata mtihani wa virusi vya Marburg mara mbili: mwezi Machi 2023 katika wilaya ya Bukoba, na Januari 2025 katika wilaya ya Biharamulo. Mara zote mbili ugonjwa ulidhibitiwa na ukatangazwa kumalizika, lakini watu walikufa, akiwemo mtumishi wa afya. Wilaya za mpakani kama Kyerwa zinajua maana ya habari kama hizo: masoko yanatetereka, wasafiri wanatiliwa shaka, na uvumi unavuka Murongo kabla ya basi.

Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kwamba akitujia mpotofu na habari tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Basi anayepiga simu redioni kusema kijiji fulani kina ugonjwa, au dawa fulani ya mitishamba imeponya watu, ajiulize ameshuhudia au amesikia. Mtume (S.A.W.) amewafundisha watu wasiingie katika ardhi yenye tauni wala wasitoke humo kwa kuikimbia, na Umar bin Khattab (R.A.) aligeuza msafara wake akiwa njiani kwenda Sham aliposikia habari ya tauni. Kuchukua tahadhari si upungufu wa imani.

Swali linaloziumiza zaidi familia za Kiislamu ni maziko. Je, tutamzika ndugu yetu bila kumuosha? Wanazuoni wameeleza kwamba kuosha maiti ni faradhi kwa mwenye uwezo, na ikiwa kuna madhara kwa anayeosha, hutayamamiwa. Na hilo nalo likishindikana, anaswaliwa na kuzikwa kama alivyo, maana Allah haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Familia isipigane na watumishi wa afya kwa jambo ambalo Mola mwenyewe amelisamehe. Iombe kwa upole maiti ielekezwe kibla, na iswaliwe kwa umbali salama.

Adabu ya anayepiga simu

Zinabaki mada nyingine nyingi: ajali za bodaboda, mifugo kuingia mashambani, mimba za wanafunzi, ahadi za maji na barabara. Hatuwezi kuzimaliza. Lakini zote zina mlango mmoja, nao ni ulimi.

Wapo Waislamu wema wanaojizuia kabisa na mijadala hii wakisema ni kusengenya. Ni kweli kwamba usengenyaji umefananishwa katika aya ya 12 ya Suratul Hujurat na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Lakini Imam Nawawi, katika Riyadhus Saliheen, ameeleza hali sita ambazo kutaja aibu ya mtu kunaruhusiwa, miongoni mwake ni mwenye kudhulumiwa kumlalamikia dhalimu kwa mwenye uwezo wa kumpa haki, kuomba msaada wa kuondoa uovu, na kuwatahadharisha watu na shari. Kwa hiyo mkulima anayesema mizani ya ghala fulani inapunja, akiwa na ushahidi, hajasengenya. Aliyesengenya ni yule anayeanza na mizani kisha akamalizia na ndoa ya karani.

Tunawausia wasikilizaji mambo manne. Kwanza, sema ulichokishuhudia, na kama ni cha kusikia, eleza kwamba umesikia. Pili, taja tendo linalodhuru watu na uache siri za nyumba ya mtu. Tatu, usimwite mwenzako jina la kabila, la chama au la dini kama tusi, maana redio moja inasikilizwa na watu wote. Nne, ukibainishiwa hoja yenye nguvu kuliko yako, ikubali, kwani muumini hikima ni kitu chake kilichopotea.

Na kwa wazazi: msiiache redio iseme na watoto wenu peke yake. Mjadala ukiisha baada ya swala ya Isha, zima redio, kisha uliza, "Mmesikia nini? Ninyi mnaonaje?" Mtoto aliyesikia baba yake akisema mbele ya familia kwamba mwaka huu hatuuzi butura, na kwamba dada yake ana fungu katika kibanja, amepata darsa ambalo halitamtoka. Na baba aliyelisema neno hilo mbele ya watoto wake ameweka mashahidi juu ya nafsi yake, itakuwa vigumu kwake kulivunja mibuni itakapotoa maua na mwenye fedha akapiga hodi mlangoni.

Tunamuomba Allah (S.W.) aibariki kahawa ya ndugu zetu wa Karagwe na Kyerwa, awalinde na maradhi, na atujaalie sote kuwa miongoni mwa wanaosikiliza maneno wakafuata yaliyo bora zaidi. Amin.

Wabillahi tawfiq.